Mtaala wa sayansi wa Kikristo upimwe kwanza kwa ukweli wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya swali ambalo wazazi Wakristo wanaowafundisha watoto wao nyumbani huliuliza mara kwa mara, nalo hustahili jibu refu kuliko lile wanalopewa. Huuliza ni mtaala gani wa sayansi wa Kikristo unaomfaa mtoto wa miaka mitano hadi tisa, na kwa kawaida hujibiwa kwa jina la mchapishaji mmoja au wawili, pamoja na kuhakikishiwa kwamba vitabu hivyo vinamtukuza Mungu. Mimi nilifundisha sayansi katika shule ya msingi hadi nilipostaafu, na tangu hapo nimekuwa nikipitia vitabu vya aina hii pamoja na wazazi wa kanisani kwetu. Hoja yangu ni moja tu: kitabu cha sayansi kinachojitambulisha kuwa cha Kikristo kipimwe kwanza kwa ukweli wa yale kinayosema juu ya viumbe, na kwa jinsi kinavyomzoesha mtoto kuutafuta ukweli huo kwa macho na mikono yake, kabla hatujaanza kuhesabu mistari ya Biblia iliyomo.

Mtoto wa umri huo hana uwezo wa kukikosoa kitabu. Anachosomewa na mama au baba yake mezani hukipokea kizima kizima, na akisomewa sayansi na Maandiko katika ukurasa mmoja, kwa sauti ile ile, hawezi kutenga lililo neno la mtunzi na lililo neno la Mungu. Kosa la sayansi lililochapishwa chini ya mstari wa zaburi humwingia moyoni likiwa na mamlaka ya zaburi. Siku atakapoligundua kosa hilo akiwa kijana, hataishia kusema kwamba mtunzi alikosea, bali atajiuliza ni mangapi mengine, katika yale aliyofundishwa mezani pale, ambayo nayo hayakuwa kweli. Nimewaona vijana waliofika hapo, na sidhani kama mwalimu yeyote wa sekondari anayeisoma barua hii hajawahi kumwona angalau mmoja.

Onyo hili si geni katika Kanisa. Augustino wa Hippo, alipokuwa akiandika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo mwanzoni mwa karne ya 5, aliwakemea Wakristo waliokuwa wakisema mambo ya ovyo juu ya mbingu, nyota, wanyama na mimea, huku wakidai kwamba wameyatoa katika Maandiko. Alihoji kwamba asiyeamini, akimsikia Mkristo akikosea katika jambo analolijua vizuri, hatakuwa na sababu ya kumsadiki anapomweleza habari za ufufuo na uzima wa milele, ambazo hawezi kuzipima kwa macho. Zimepita karne kumi na sita, na sijui hoja iliyo nzito kuliko hiyo ya kumfanya mzazi asome kwa makini kabla ya kununua.

Nitoe mfano. Nimekuta kitabu kimoja, ambacho sitakitaja, kinachowaambia watoto kwamba majira ya joto huja dunia inapolikaribia jua na majira ya baridi huja inapokwenda mbali nalo, kisha kinawaalika wamshukuru Mungu kwa kuipanga njia hiyo. Shukrani ni njema, lakini maelezo si ya kweli. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, wakati ambapo nchi za kaskazini ziko katikati ya baridi yao, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152 hivi, wakati nchi hizo hizo zinapata joto. Kinacholeta majira ni mhimili wa dunia, ambao umeinama kwa takriban nyuzi 23.5, kiasi kwamba kwa miezi kadhaa upande mmoja hupokea mwanga wa jua ulionyooka zaidi na mchana mrefu zaidi kuliko upande wa pili. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa jambo hilo kwa kushika chungwa lililochomwa kijiti na kulizungusha kandokando ya taa, mradi kijiti kiendelee kuelekea upande ule ule chumbani wakati wote. Mwandishi aliyemnyima mtoto jambo hilo amemnyima pia sababu halisi ya kushangaa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu unaonekana katika vitabu vingi sana, vya Kikristo na visivyo vya Kikristo. Mshumaa unasimamishwa katika sahani yenye maji kidogo, unawashwa, kisha unafunikwa kwa glasi. Muda si mrefu mwali hufifia na kuzimika, na maji hupanda ndani ya glasi. Kitabu humwambia mtoto kwamba moto umeila oksijeni yote, na kwa kuwa oksijeni ni karibu sehemu moja ya tano ya hewa, maji yamepanda kujaza nafasi yake. Maelezo hayo yanaonekana safi na yanakaririka kwa urahisi, na ni ya makosa. Mwali huzimika ilhali oksijeni nyingi bado imo ndani ya glasi, na ile iliyotumika haikutoweka, kwa kuwa sehemu yake kubwa imegeuka kuwa kaboni dioksidi ambayo nayo ina nafasi yake. Kinachoyapandisha maji hasa ni joto. Hewa iliyopashwa na mwali hutanuka, nyingine ikatoroka chini ya ukingo wa glasi, na mwali ukishazimika hewa iliyobaki hupoa na kunywea, ndipo kani ya hewa ya nje inapoyasukuma maji kuingia.

Tena mtoto anaweza kuyaona haya mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Mwambie atazame ni lini maji yanapanda kwa kasi, naye ataona kwamba mengi hupanda mwali ukishazimika, si wakati unapowaka. Mwambie atazame ukingo wa glasi wakati wa kufunika, na mara nyingine ataona mapovu yakitoka. Kisha rudieni jaribio kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ile ile, na maji yatapanda juu zaidi kuliko mara ya kwanza, ingawa oksijeni iliyomo haijaongezeka hata kidogo. Hapo mtoto wa miaka tisa amepata kitu ambacho hakuna ukurasa unaoweza kumpa: ameona kwamba maelezo yanayopendeza yanaweza kukanushwa na jambo lenyewe, na kwamba hakuna aibu kuyaacha. Ndiyo maana nikifungua mtaala mpya huanza na mshumaa, ikiwa umo, kwa kuwa ukurasa huo hunionyesha kama mtunzi alilifanya jaribio au alilinakili tu kwa mwenzake.

Mzazi anayedhani kwamba ukali huu ni wa kitaaluma mno kwa watoto wadogo, na akumbuke habari za Johannes Kepler. Alikuwa Mlutheri aliyekusudia kuwa mhudumu wa kanisa kabla ya kuingia katika elimu ya nyota. Alipokuwa akitafuta njia ya sayari ya Mirihi, alipata hesabu ya duara iliyokaribia kulingana na vipimo vya mtazamaji wa nyota Tycho Brahe, ila palibaki tofauti ya dakika 8 za nyuzi, yaani karibu robo ya upana wa mwezi mpevu kama tunavyouona angani. Mtu mwingine angeipuuza. Kepler aliandika kwamba wema wa Mungu umetupatia mtazamaji makini kama Tycho, na kwa hiyo imetupasa kuipokea zawadi hiyo kwa shukrani na kuitumia. Akaiacha kazi ya miaka, akaanza upya, na mwaka 1609 akachapisha ugunduzi kwamba Mirihi hulizunguka jua katika njia ya duaradufu. Kwake yeye, kuipuuza tofauti ndogo kungekuwa kukosa shukrani kwa Mungu. Vitabu vingi vya watoto wa Kikristo humtaja Kepler na kuweka picha yake, lakini ni vichache vinavyowasimulia watoto habari ya zile dakika 8, na ndizo zenye imani yake ndani.

Sasa nije kwenye vitabu vyenyewe. Mitaala mingi ya Kikristo inayowafikia wazazi wanaofundisha nyumbani hutoka Marekani, na haifanani. Abeka na BJU Press hutoa vitabu vinavyotumika pia katika shule za Kikristo, na mzazi anayetaka kitabu cha kiada, mazoezi na mitihani atavizoea upesi. Apologia, kwa watoto wa umri wa msingi, huchukua somo moja na kukaa nalo mwaka mzima, kama vile elimu ya nyota, mimea au viumbe warukao, badala ya kugusa kila kitu kidogo kidogo kila mwaka. Master Books husema wazi kwamba hufuata msimamo wa dunia changa, yaani kwamba dunia ina maelfu machache tu ya miaka. Wako wengine wanaoupanga mwaka kwa kufuata siku sita za uumbaji, na wengine wanaotoa vijitabu vifupi vya wiki chache chache.

Juu ya mpango wa siku sita nina maoni, kwa sababu wazazi huupenda mara tu wanapouona. Uzuri wake ni kwamba mtoto anashika mfuatano anaoujua tayari kutoka darasa la watoto kanisani, na maarifa mapya yanapata mahali pa kukaa. Udhaifu wake ni kwamba siku ya kwanza ni nuru, na nuru ni miongoni mwa mambo magumu kuliko yote katika sayansi. Mtoto wa miaka mitano anaanzishwa kwa mawimbi, nishati na rangi za upinde wa mvua, mambo asiyoweza kuyashika, na inabidi angoje miezi mingi hadi siku ya tano na ya sita ndipo afike kwa ndege, samaki na wanyama, ambao ndio aliokuwa akiwauliza tangu mwanzo. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa mpango huo unafaa. Kwa mdogo wake ningegeuza mfuatano bila wasiwasi, nikaanza na kilicho karibu na mkono wake.

Kuhusu kukaa na somo moja mwaka mzima, mimi nauunga mkono mpango huo kuliko ule wa kugusagusa, ila si kwa kila somo wala kwa kila mtoto. Mwaka wa wanyama haumchoshi mtoto wa miaka sita. Mwaka wa nyota humchosha, kwa sababu kitu chenyewe huonekana usiku tu, na mchana hubaki picha.

Lipo jambo ambalo wazazi huliogopa au hulipuuza, nalo ni umri wa dunia. Wakristo hawana msimamo mmoja hapa, na ni vizuri mzazi akubali hivyo kabla hajafungua pochi. Wako wanaozihesabu nasaba za Biblia na kusema dunia ina maelfu machache ya miaka. Askofu mkuu James Ussher, mwaka 1650, alifika kwenye mwaka 4004 kabla ya Kristo. Wako wanaokubali kipimo cha wanajiolojia, cha takriban miaka bilioni 4.5, na ambao hawaoni kwamba kinapingana na sura ya kwanza ya Mwanzo. Padre Mkatoliki Georges Lemaître ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, akiwa na kola yake shingoni. Mimi ni wa kundi hili la pili na sifichi, ila siandiki ili kumvuta mtu kutoka kundi moja kwenda jingine. Ninachosema ni kwamba mzazi ajue kitabu chake kinasimama wapi, na kulijua hilo ni rahisi: afungue ukurasa wa dinosauri. Kitabu kinachosema waliishi pamoja na wanadamu kina msimamo wa kwanza. Kinachosema walitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita kina msimamo wa pili. Kisichowataja kabisa, ingawa kinazungumzia wanyama kwa mwaka mzima, kimeamua kukwepa, na mzazi ajiandae kujibu mwenyewe, maana mtoto atauliza.

Ukishaujua msimamo, tazama lugha. Kitabu kinaweza kueleza kile ambacho watunzi wake wanaamini na kwa sababu gani, kikaongeza kwamba Wakristo wengine huona tofauti, na kitabu cha namna hiyo nitampa mtoto wangu hata nisipokubaliana nacho. Lakini kitabu kinachomwambia mtoto wa miaka saba kwamba wanasayansi ni waongo, au kwamba anayekubali umri mkubwa wa dunia amemkana Mungu, nitakirudisha dukani. Huyo mtoto kesho atakutana na mwanajiolojia anayesali, au na daktari anayeifahamu jenetiki kuliko mtunzi, naye atalazimika kuchagua kati ya kumdharau mtu mwema na kukidharau kitabu alichopewa na wazazi wake. Hakuna sababu ya kumwekea mtoto mtego huo. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka minane, kurasa hizi zisichukue sehemu kubwa ya mwaka katika msimamo wowote ule, kwa sababu hana kitu mkononi cha kuzipimia.

Je, ana nini mkononi? Ana mbegu, jani, kivuli, maji, sumaku, mdudu aliyejikunja chini ya jiwe. Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1923 na ambaye wazazi wengi Wakristo wanaofundisha nyumbani bado humfuata, alitaka watoto wadogo wakae nje kwa saa nyingi, wawe na daftari la kuchora walichokiona, na kila somo lao la ndani lisizidi dakika 20. Nimefundisha muda wa kutosha kukubali kwamba alisema kweli, hasa juu ya zile dakika. Mtaala unaomtaka mtoto wa miaka sita akae saa nzima na kitabu cha mazoezi ya sayansi haukuandikwa na mtu anayemjua mtoto wa miaka sita.

Nieleze somo moja kama ninavyolipenda. Chukua glasi, itandaze karatasi laini iliyolowa ndani yake, kisha tia maharage manne kati ya karatasi na ukuta wa glasi ili yaonekane. Moja lilaze, jingine lisimamishe, jingine lipindue, na la nne libaki lilivyoanguka. Kila siku mtoto achore anachokiona, hata kama hakuna kilichobadilika. Baada ya siku kadhaa mzizi hutokeza kabla ya jani, na ule uliotokeza ukielekea juu hujipinda na kwenda chini. Sasa ilaze glasi kwa ubavu, ngojeni siku moja au mbili, na ncha za mizizi zitapinda tena kuifuata chini mpya. Mtoto atauliza mbegu imejuaje chini ni wapi, naye huenda akasema ni kwa sababu ya mwanga. Usimjibu. Wekeni glasi nyingine ndani ya kabati lenye giza, mwone. Mizizi itashuka kule kule. Akiwa na miaka tisa unaweza kumwambia kwamba ndani ya seli za ncha ya mzizi kuna chembe nzito za wanga ambazo huzama upande wa chini, na mmea huhisi mvutano wa dunia kwa njia hiyo. Akiwa na miaka sita, mwache na swali lake, mchoro wake na glasi iliyolazwa.

Baada ya somo kama hilo hakuna haja ya kumtafutia mtoto mstari wa kubandika. Lakini tazama jinsi vitabu vingi vinavyofanya. Mwisho wa sura huuliza: ni nani aliyeumba mimea? Mwisho wa sura inayofuata: ni nani aliyeumba samaki? Mtoto hujibu vema, akapata alama zote, na angeweza kujibu hivyo hivyo bila kuutazama mmea wala samaki. Kwa hiyo mimi nina kipimo kidogo ninachowapa wazazi: pitia maswali ya sura tatu, na kwa kila swali jiulize kama mtoto anaweza kulijibu bila kukitazama kitu chenyewe. Kama karibu yote yanajibika hivyo, hicho ni kitabu cha kumkaririsha, hata kama kina picha nzuri.

Hatari iliyo karibu na hiyo ni kulitumia jina la Mungu kuzima swali. Mtoto anauliza kwa nini mbuni haruki, naye anajibiwa kwamba Mungu alimuumba hivyo. Jibu hilo ni la kweli kwa muumini, lakini halijibu alichouliza, na likirudiwa kila siku mtoto hujifunza kwamba imani ndiyo mahali ambapo kuuliza hukoma. Maandiko hayafanyi hivyo. Katika Ayubu sura ya 38 na 39 Mungu humwuliza Ayubu swali juu ya swali: juu ya ghala za theluji, njia za umeme, mbuzi-mwitu anapozaa, mbuni na mayai yake, kipanga akunjuaye mbawa zake. Mithali 6 humtuma mvivu kwa chungu akazitazame njia zake, yaani humtuma nje. Na Zaburi ya 111, mstari wa 2, isemayo kwamba matendo ya Bwana ni makuu na huchunguzwa na wale wanaopendezwa nayo, ilichongwa kwa Kilatini kwenye milango ya maabara ya Cavendish kule Cambridge, iliyofunguliwa mwaka 1874 chini ya James Clerk Maxwell, Mkristo aliyetuonyesha kwamba nuru ni mawimbi ya umeme na sumaku. Maneno hayo yaliwekwa mlangoni, na ndani watu wakaenda kupima. Nawatamani watunzi wa vitabu vya watoto waufuate mpangilio huo.

Mwanasayansi Michael Faraday naye anafaa kutajwa, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa dogo la Wasandemani na pia mwalimu hodari wa watoto. Kati ya mwaka 1827 na 1860 alitoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana pale Royal Institution, London, mara 19, na mara mbili kati ya hizo alizungumzia mshumaa peke yake kuanzia mhadhara wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuhitaji chombo cha bei kubwa kuwaonyesha kuyeyuka, kupanda kwa mafuta katika utambi, mvuke, maji yanayotoka katika moto na hewa tunayopumua. Mzazi anayelalamika kwamba hawezi kufundisha sayansi kwa kukosa maabara ana sababu ya kutiwa moyo hapa, na pia ana sababu ya kuukataa mtaala ambao nusu ya majaribio yake hayafanyiki bila kuagiza sanduku la vifaa kutoka kwa mchapishaji yule yule.

Jambo jingine, nitalipitia haraka. Kitabu kilichoandikwa upande mmoja wa dunia hakilingani na anga la upande mwingine. Nyota ya Kaskazini, ambayo karibu kila kitabu cha nyota huanza nayo, haionekani kwa mtu aliye kusini ya ikweta. Mwezi mchanga unaochorwa umesimama wima huonekana umelala chali kwa mtoto aliye karibu na ikweta. Mtoto akitoka nje na kukuta tofauti, ayaamini macho yake, na mzazi amsifu kwa hilo. Hiyo si sababu ya kukitupa kitabu, ila ni sababu ya mzazi kutangulia kusoma sura na kutoka nje mwenyewe kabla ya somo.

Kuhusu ununuzi, ningemshauri mzazi asinunue seti ya miaka sita kwa mara moja, hata akishawishiwa kwa punguzo. Wachapishaji wengi hutoa kurasa za sampuli bure. Achukue sura moja, aifundishe yote kwa mtoto wake, pamoja na jaribio lake, kabla hajaamua. Atazame mtoto anaongea nini jioni: anarudia sentensi ya kitabuni, au anaeleza alichokiona? Afungue pia mwongozo wa mzazi, na atafute humo jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko rangi na karatasi, nalo ni kama mwongozo unaeleza cha kufanya jaribio lisipotoa matokeo yaliyotarajiwa. Watunzi walioyafanya majaribio yao pamoja na watoto wanajua kwamba mbegu huoza, maji humwagika na sumaku hukosa nguvu, nao huandika hivyo na kumsaidia mzazi kuuliza kwa nini. Ambao hawakuyafanya huandika kana kwamba kila kitu hutii. Mzazi mwenye mwongozo wa namna hiyo hujikuta, jaribio likikataa, akimwambia mtoto aandike kile kilichopaswa kutokea badala ya kilichotokea. Napenda niseme kwa uwazi kwamba kumfundisha mtoto kuandika asichokiona ni kumfundisha kusema uongo, na ni ajabu kwamba jambo hilo hutendeka katika nyumba za watu wanaoifundisha kwa bidii amri ya kutoshuhudia uongo.

Kwa wanaoanza, nikiulizwa leo, nitasema kwamba mtoto wa miaka mitano na sita hahitaji kitabu cha kiada cha sayansi hata kidogo. Anahitaji daftari lisilo na mistari, penseli, kioo cha kukuzia, na mtu mzima anayetoka naye nje na asiyeona aibu kusema kwamba hajui, twende tukatazame. Kitabu kianze kwenye miaka saba hivi, na hata hapo mzazi asikubali kikamtawala. Sura isiyo na ukweli irukwe, sura iliyo nzuri irudiwe, na pale ambapo mzazi na mtunzi hawakubaliani, mtoto aelezwe hivyo kwa adabu, kwa kuwa nako ni kujifunza.

Ninalo ombi kwako, Mhariri, na kwa viongozi wa makanisa wanaolisoma gazeti hili. Makanisa mengi yana walimu wa sayansi, wauguzi, mabwana shamba na mafundi wanaoketi katika viti vya ibada kila Jumapili bila kuulizwa neno juu ya vitabu hivi, wakati vitabu vinapendekezwa na watu wasiowahi kulifanya hata jaribio moja. Waombwe wawili au watatu wakipitie kitabu kabla ya kanisa kukipendekeza kwa wazazi, waandike makosa waliyoyaona na kurasa zake, na orodha hiyo ibandikwe pale pale kitabu kinapouzwa. Gazeti lako nalo likitoa safu fupi mara moja kwa mwezi, ambamo mwalimu mmoja anaeleza sura moja aliyoifundisha na jaribio alilolifanya, mimi nitakuwa tayari kuandika ya kwanza, na nitaanza na mshumaa.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa sayansi